Riwaya za picha za mizimu: mtaji mdogo, hakimiliki yenye thamani

Riwaya ya picha ni mchezo wa video ambao kazi kubwa ya mchezaji ni kusoma. Kwenye kioo huonekana mandhari iliyotulia, wahusika waliochorwa na kisanduku cha maandishi. Muziki na milio hukamilisha yaliyobaki. Mchezaji husoma, hubonyeza, na mara nyingine huchagua njia ambayo hadithi itafuata. Sekta hii ilikomaa Japani, na upande wake wa watengenezaji huru umepata jina kubwa kwa hadithi za mizimu, laana na wanyonya damu.

Sababu ya kwanza ya jina hilo ni gharama ndogo. Mwandishi, mchoraji, mtunzi wa muziki na mtu wa kuunganisha kazi wanatosha kukamilisha mchezo, na mara nyingi mtu mmoja hushika nafasi mbili. Mhusika huchorwa katika mikao michache, kisha hubadilishwa uso tu: wa furaha, wa hasira, wa woga. Michoro hiyohiyo hurudiwa mwanzo hadi mwisho. Programu ya kuunganisha maandishi, picha na sauti nayo haimtoi mtu jasho. Wajapani wengi walianza na NScripter, na tangu 2004 ipo Ren'Py, programu huria inayoruhusiwa kutumika bure hata kwa kazi ya kuuzwa. Gharama nzito inayobaki ni muda wa mwandishi.

Sababu ya pili ni kwamba mambo ya ghaibu yanaendana vizuri na bajeti ya namna hiyo. Hofu hujengwa na kisichoonekana: nyayo nje ya mlango, sauti iliyobadilika ghafla, rafiki anayekana jambo alilolisema jana. Hakuna haja ya kuchora jeshi wala mji mzima, kwa kuwa nyumba moja au kijiji kimoja kinatosha.

Mfano bora ni Higurashi no Naku Koro ni wa kikundi cha 07th Expansion, kilichoongozwa na mwandishi ajulikanaye kama Ryukishi07. Hadithi yake, iliyowekwa mwezi Juni 1983, inahusu vifo vinavyotokea kila mwaka katika kijiji cha kubuni cha Hinamizawa, vifo ambavyo wenyeji wanavihusisha na laana ya mungu wao Oyashiro. Ryukishi07 aliandika hadithi na kuchora wahusika mwenyewe. Mandhari zilikuwa picha za kamera zilizopitishwa kwenye kompyuta, na milio ya nyenje wa jioni ikabeba sehemu kubwa ya utisho. Wahusika walikuwa na mikono minene na miili isiyolingana, lakini wasomaji walishikwa na fumbo. Mchezo ulitolewa kwa sehemu 8 kati ya Agosti 2002 na Agosti 2006. Nne za kwanza zilitega maswali, nne za mwisho zikayajibu. Kwa biashara, mpangilio huo una faida mbili: mapato huanza kuingia kabla kazi haijakamilika, na mijadala ya wasomaji kati ya sehemu na sehemu huitangaza bidhaa bila malipo.

Soko lililolea kazi hizo ni Comiket, maonyesho ya Tokyo yaliyoanza 1975 na ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Kila kikundi hupewa nafasi mezani, huleta diski zake na kuuza moja kwa moja kwa wasomaji. Baada ya maonyesho, maduka kama Toranoana huchukua mzigo uliobaki kwa mali kauli.

Hapo Comiket ndipo kikundi cha Type-Moon, cha mwandishi Kinoko Nasu na mchoraji Takashi Takeuchi, kilipouza Tsukihime mnamo Desemba 2000. Hadithi hiyo inahusu kijana anayeona mistari ya mauti juu ya kila kitu na kukutana na binti wa jamii ya wanyonya damu. Mafanikio yake yaliwawezesha kuanzisha kampuni, na Januari 2004 wakatoa Fate/stay night kama bidhaa kamili ya kibiashara. Kutokana na hiyo zilizaliwa filamu, vibonzo na, mwaka 2015, mchezo wa simu Fate/Grand Order, unaokadiriwa kuingiza zaidi ya dola bilioni 4 duniani. Fedha hizo hazikutoka kwenye diski za mwanzo. Zilitokana na waanzilishi kubaki na hakimiliki ya ulimwengu waliouunda.

Nje ya Japani, maduka ya mtandaoni yamechukua nafasi ya meza ya maonyesho. Steam hutoza ada ya dola 100 kusajili mchezo na kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Itch.io humwachia mtengenezaji aamue mgawo wa duka. Mmarekani Dan Salvato na timu yake walitumia njia zote mbili, kuanzia Septemba 2017, kutoa Doki Doki Literature Club, mchezo wa klabu ya fasihi ya shule ambamo msichana mmoja anajua kuwa yumo ndani ya mchezo na anawafuta wenzake. Ili kusonga mbele, mchezaji hulazimika kufungua mafaili ya kompyuta yake na kulifuta faili la msichana huyo. Mchezo ulitolewa bure, na aliyetaka alilipa alichoweza. Toleo lililopanuliwa la Juni 2021, la dola 14.99, liliuza zaidi ya nakala 500,000 katika muda usiofika wiki mbili. Huko Toronto, Kanada, Black Tabby Games, kampuni ya mke na mume, ilitoa Slay the Princess Oktoba 2023 kwa michoro ya penseli isiyo na rangi na waigizaji wawili wakuu wa sauti.

Tafsiri ndiyo kizingiti kikubwa cha soko la nje, kwa sababu bidhaa yenyewe ni maandishi. The House in Fata Morgana, hadithi ya jumba lenye laana, ilitoka Japani mwishoni mwa 2012, na Kiingereza chake kikaja 2016 kupitia mchapishaji MangaGamer.

Hatari nyingine ni tatu. Steam hupokea zaidi ya michezo mipya 10,000 kwa mwaka, hivyo kazi nzuri hupotea kwa urahisi. Video za mtandaoni huonyesha hadithi nzima, na aliyeitazama huenda asione sababu ya kununua. Tena, Steam hurudisha fedha kwa mteja aliyecheza chini ya saa mbili, muda unaotosha kumaliza riwaya fupi.

Kwa ujumla, uwekezaji wa mwanzo ni mdogo na faida ya nakala za kwanza nayo ni ndogo. Kipato cha kudumu hutokana na matoleo mapya, tafsiri, filamu na bidhaa za mashabiki. Ndiyo maana kipengele cha hakimiliki kinastahili kusomwa kwa makini kuliko vyote katika mkataba wa mtengenezaji huru na mchapishaji: anayeuza haki za hadithi yake mapema huwa ameuza sehemu kubwa ya biashara yenyewe.