Dizeli Ikiisha Kisimani

Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: usipopima tangi, utazungusha hendeli hadi viganja vichubuke. Usicheke, ndugu msomaji. Mambo haya yalitupata likizo ya Agosti, kwenye kisima kimoja kirefu upande wa Isinya, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado.

Kama ujuavyo, kwetu ni nchi kavu. Maji yako chini sana, mara nyingi zaidi ya mita 100, na ingawa sola zimeongezeka, visima vingine bado huvutwa kwa mtambo wa dizeli. Siku hiyo ng'ombe walikuwa wamekaa siku mbili bila kunywa. Saa nne asubuhi mtambo ukakohoa mara mbili, ukanyamaza. Kuchungulia tangini, kukavu! Tukaleta jerikeni ya lita 20, tukamimina yote, tukaanza kuzungusha. Wapi! Saa sita ikafika, ng'ombe wanalia, ndama wamelala chini, nasi tunatweta. Ndipo akaja mzee mmoja fundi, spana mbili mfukoni.

"Vijana, nguvu mnazo," akasema. "Shida si nguvu, ni hewa."

Je, hewa yawezaje kuzuia mtambo mzima? Kumbuka somo la fizikia. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, uzibe mdomo wake kwa kidole kisha usukume. Halisogei. Sasa lijaze hewa, usukume tena. Linabonyea, na ukiliachilia linarudi. Hewa hushindilika, dizeli haishindiliki kwa urahisi.

Injini ya dizeli, aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel katika miaka ya 1890, haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli humo, nayo huwaka yenyewe. Ili nozeli ifunguke, pampu yake lazima iisukume dizeli kwa presha kubwa mno, zaidi ya mara 100 ya presha ya hewa tunayovuta. Tangi likikauka, hewa huingia katika paipu. Pampu ikisukuma, hewa inabonyea na kurudi, nozeli haifunguki. Hapo hata ukizungusha mpaka jua litue, ni kazi bure.

Dawa yake ni kuitoa hewa hiyo, hatua kwa hatua, kuanzia tangini kwenda kwenye nozeli.

Kwanza, hakikisha ni mafuta yaliyoisha kweli. Huenda paipu inavuja au filta imeziba. Kisha tia dizeli safi ukiichuja kwa kitambaa, na usitie kidogo ya kuonja tu. Tangi likikauka, uchafu na maji yaliyokaa chini huvutwa hadi kwenye filta, kwa hiyo iangalie, na ikiwa chafu ibadilishe. Usidanganywe na bei ukachanganya mafuta ya taa. Hayo huumiza pampu na nozeli. Tamaa ya kuchanganya ilienea hata serikali ya Kenya mwaka wa 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuizuia.

Pili, legeza skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya filta. Tangi likiwa juu, dizeli itashuka yenyewe. Likiwa chini, bonyeza mara kwa mara kijiti cha pampu ndogo ya mkono. Utaona povu na mapovu yakitoka. Ngoja hadi itoke dizeli tupu, kisha kaza skrubu ingali inatiririka. Ukingoja ikome, umerudisha hewa ndani.

Tatu, fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli.

Nne, legeza kidogo nati ya paipu inapoingia kwenye nozeli. Weka mtambo mahali pa kuwaka, inua kile kijiti cha kupunguza presha ya silinda, uzungushe polepole. Dizeli ikiruka bila mapovu, kaza nati. Ukizungusha tena, mitambo ya zamani kama Lister utaisikia nozeli yake ikilia, "krii, krii!" Huo ndio mlio wa heri.

Tano, zungusha kwa kasi, kisha ushushe kijiti. Kama unatumia stata, usiishikilie zaidi ya sekunde 10, ipumzishe. Wengi humaliza betri, na stata ikaungua, kabla hawajatoa hewa. Ukishawaka, uache utembee bila mzigo dakika chache, ukague kama kuna panapovuja, ndipo uunganishe pampu ya maji.

Tahadhari, wenzangu. Usizibe kwa kidole paipu inayovuja mtambo ukitembea, dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Ukishika hendeli, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono. Funga shuka lako vizuri mbali na mkanda. Tena usiuwashe mtambo ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake ni sumu.

Jambo hili si la Wakajiado peke yetu. Huko Ireland na kaskazini mashariki mwa Marekani, nyumba nyingi hupashwa joto kwa tanuri la mafuta. Yakiisha usiku wa baridi, fundi naye hulegeza skrubu ya pampu, akatoa hewa, ndipo akawasha. Wao wanaogopa baridi, sisi twaogopa kiu, lakini adui ni yuleyule.

Mzee yule alitumia chini ya nusu saa. Maji yakabubujika, ng'ombe wakajazana birikani. Ndama mmoja hakuinuka tena. Tulipomshukuru mzee, alitukatia kijiti kirefu, akakitia alama kwa kisu na kukiacha juu ya tangi.

"Kila asubuhi kitumbukizeni humo," akasema. "Dizeli isipofika alama hii, msiwashe. Nendeni mkanunue."

Kijiti hicho kipo mpaka leo.