Nsambya: Elimu ya mtoto ni mali ya nani?

KATIKA karakana za useremala za Nsambya, jijini Kampala, kijana anayepiga msasa kitanda anajua kwamba kitanda hicho si chake. Mbao ni za bosi, bei hupangwa na bosi, naye hungoja ujira wake.

Karl Marx aliieleza hali hiyo mwaka 1844. Mfanyakazi akitengeneza kitu kisicho chake, kitu hicho humgeukia kama mgeni. Kazi yenyewe humchosha, akajiona huru pale tu anapoiacha.

Darasani nako hali haiko mbali. Mtoto wa darasa la saba hukesha akikariri kwa ajili ya mtihani wa PLE. Akishaandika, karatasi huondoka na kinachorudi ni alama. Shule hujitangaza kwa alama hizo, na mzazi hujivunia. Mtoto mwenyewe amebaki na nini?

Mama anayevusha bidhaa Busia hubadili shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani. Hesabu hiyo ni mali yake kwa sababu anaitumia kila siku. Mwanawe, anayelipiwa karo kwa faida hiyo hiyo, anaweza kufaulu hesabu na bado ashindwe kukokotoa gunia moja limegharimu kiasi gani hadi kufika soko la Owino.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mwaka 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba. Lakini mwanafunzi asiyeshirikishwa kuamua kuhusu mavuno huliona shamba kuwa kibarua kingine.

Uganda nayo ilianza mtaala mpya wa sekondari mwaka 2020. Sasa kazi na miradi ya mwanafunzi shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE. Hatua hiyo ni njema, mradi kazi iwe ya mtoto. Mzazi akimlipa fundi autengeneze mradi, mtoto atapata alama na fundi atabaki na ujuzi.

Kijana wa karakana naye ana njia. Ujuzi ambao mtu ameupata kazini unaweza kupimwa rasmi, naye akapewa cheti, hata kama hakupitia chuo.

Kwa mfanyabiashara, somo linaweza kuanzia nyumbani jioni. Kabla ya kuuliza "umepata ngapi?", ampe mtoto risiti za safari, naye atafute faida iko wapi.