Sababu ya Safari

Daftari la wageni lilikuwa kaunta buku nene, safu zake zimepigwa kwa rula na wino mwekundu: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya chumba. Safu ya mwisho ilikuwa imebanwa ukingoni mwa karatasi, na juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: SABABU YA SAFARI. Ilikuwa Julai, saa mbili usiku, katika gesti moja ya Mbinga mjini. Baridi ya Mbinga mwezi huo anaijua aliyewahi kuoga maji ya bomba kule alfajiri. Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari za kahawa, na kabla sijaandika "kikazi" nikapandisha macho kuona wenzangu wameletwa na lipi. Biashara. Biashara. Msiba. Kikazi. Kahawa. Msiba. Harusi. Matibabu. Kahawa. Halafu, mstari wa pili juu ya wangu, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: Kuona ziwa.

Pembeni ya maneno hayo palikuwa na alama ya kuuliza, kwa kalamu nyingine.

"Hii umeiweka wewe?" nikamwuliza kijana wa mapokezi.

"Ndiyo, kaka. Nilitaka kumwonyesha bosi. Dada yupo mwenyewe, hana ndugu hapa, hana mzigo. Anasema anakwenda kuona ziwa." Akanitazama kama anayesubiri nimtoe kwenye utata. "Sasa ziwa si lipo tu?"

Nililala na alama ile. Kila mwaka tunahimizwa tutembelee vivutio vya nchi yetu. Lami imefika Mbinga kutoka Songea, ikashuka hadi Mbamba Bay, kilomita zaidi ya 60 ambazo zamani, masika, mtu alizianza bila kujua atazimaliza lini. Barabara ipo. Anayeipita bila shughuli ndiye hatujajua tumwandike wapi.

Asubuhi nilimkuta kwa mama ntilie nyuma ya stendi, anakunywa chai ya rangi na chapati, begi lake liko kwenye kiti cha pili kama mtu aliyeketi. Ni muuguzi, anatokea Dodoma, umri miaka thelathini na kitu. Aliniomba nisiandike jina, na sababu yake nitaieleza mwishoni. Kila mwaka anachukua siku zake 28 za likizo, anagawa nusu kwa nusu. Wiki mbili anakaa na mama yake. Wiki mbili nyingine anatembea peke yake. Amekwenda Kondoa kuona michoro ya miambani, amekwenda Kilwa Kisiwani, amekwenda Ujiji. Mwaka huu ni zamu ya Nyasa.

Lakini kwanza begi. Ni begi la mgongoni la kijani, kitambaa kimepauka mabegani, zipu moja imebadilishwa na fundi. Alilinunua mtumbani, soko la Sabasaba, Dodoma. Alipofika nalo nyumbani na kulifua ndipo akaona kwamba aliyelibeba kabla yake alikuwa amelishonea viraka vidogo vya nembo, kimoja baada ya kingine, kwa uzi wa mkono: Roma. Firenze. Napoli. Amalfi. Cinque Terre. Kiraka cha mwisho kilikuwa kimeshonwa upande, kama cha mtu aliyeshona ndani ya treni.

"Sikujua ni wapi," aliniambia. "Nikauliza simu. Nikaona ni Italia. Nikafuatilia jina moja moja, nikaona njia: ameanza mijini, akashuka pwani. Amalfi ni baharini. Cinque Terre ni vijiji vitano viko kwenye majabali, nyumba za rangi, chini maji. Nikajiuliza, huyu alikuwa na nani? Begi ni la mtu mmoja. Ndani lina mfuko mmoja wa chupa, mfuko mmoja wa viatu. Nikasema, huyu alikuwa peke yake. Na aliporudi akalitoa begi, likaja kwenye robota mpaka Sabasaba, likanikuta mimi. Kaka, sikuweza kuling'oa viraka."

Vijana wa Ulaya wamezoea hivyo. Tangu 1972 wana tiketi ya treni inayoitwa Interrail, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana, inayowapitisha nchi baada ya nchi. Kiangazi kikifika wanajaa stesheni za Italia na mabegi migongoni, wengi wao peke yao, wanalala vyumba vya vitanda vingi, wanakula mkate na nyanya ukingoni mwa bahari. Hakuna anayewauliza msiba uko wapi.

Sisi kiangazi tunacho, na pwani ya Nyasa tunayo. Ninachokikosa ni neno. Mtalii, mitaani kwetu, ni mzungu. Msafiri ana tiketi na aendako anasubiriwa. Mtembezi anaweza kuwa sifa au tusi, kutegemea ni mwanamume au mwanamke. Mzururaji ndiye anayewindwa na mgambo. Hata kitabu cha zamani cha safari zetu, Safari za Wasuaheli, alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, kina Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia, na yeye alifika huko kwa kumfuata Mzungu aliyemwajiri. Mtu aliyeondoka kwa miguu yake na hamu yake tu, lugha hii pana haijampa jina zuri.

Nilimwomba niongozane naye. Akakataa bila kunung'unika.

"Tukiwa wawili nitajibu maswali yako badala ya kuangalia. Nilishajaribu na wenzangu wa kazini, tulikwenda Bagamoyo. Njia nzima tuliongea habari za wodi na zamu na nani kahamishwa. Tuliibeba Dodoma tukaipeleka baharini, tukairudisha."

Tukakubaliana tukutane Mbamba Bay baada ya siku tano. Nilikwenda kwenye kahawa yangu, yeye akapanda bodaboda kuelekea Litembo.

Nilimkuta ufukweni jioni, ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, miguu ina vumbi mpaka magotini. Upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa hili wanauita mwera, ulikuwa umechafua maji, na mitumbwi mingi ilikuwa imelala nchi kavu. Dagaa walikuwa wachache, na aliyekuwa nao alikuwa anataja bei bila kupunguza. Muuguzi alianza kuongea kabla sijatoa daftari.

"Darasa la nne nilikaririshwa Ziwa Nyasa. La tatu kwa ukubwa Afrika, kina karibu mita mia saba. Nilipata vema. Nimeishi miaka yote na vema ile bila kuona maji yenyewe. Sasa juzi gari lilipotoka milimani likaanza kushuka, kona moja, nikaliona. Nikamwambia konda nishushe. Akasema hapa si kituo. Nikasema nishushe. Nilikaa kwenye jiwe nikalitazama mpaka gari lingine likaja. Mama mmoja akapita na kuni kichwani, akatua, akaniuliza, 'Mwanangu, unaumwa?'"

Milimani alikaa siku mbili kwenye boma la familia moja ya Wamatengo. Alikwenda kuuliza njia, akakuta wanapura maharage, akaweka begi chini akashika fimbo. Alichokiona kwenye mteremko nyuma ya nyumba ndicho alichotaka kunisimulia zaidi ya ziwa lenyewe.

"Ngoro. Nilikuwa nimesikia neno, nikadhani ni matuta. Si matuta. Kilima kizima kimekaa kama sega la nyuki. Mashimo, mashimo, mashimo, kila moja limezungukwa na kingo pande nne. Babu akanieleza. Wanaume wanafyeka majani, yakinyauka wanayalaza mistari ya mraba juu ya mteremko. Wanawake wanachimba udongo wa katikati, wanafukia yale majani. Kwa hiyo chini ya kila ukingo kuna majani yanaoza, yanakuwa mbolea. Maharage yanapandwa juu ya kingo, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija haikimbii, kila shimo linashika yake. Mlima umesimama vile, mimi kuupanda tu nilishika nyasi, wao wanaulima na udongo hauondoki."

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani waliutafiti ukulima huo kwa miaka, na inasimuliwa kwamba Wamatengo walibanwa kwenye miteremko hiyo na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19. Muuguzi wangu hakuyajua hayo. Aliona kingo, akauliza, akajibiwa na mwenye jembe.

Jioni wanaume wa boma walikusanyika kula pamoja, babu, wanawe na wajukuu, kwa desturi inayoitwa sengu. Pale ndipo watu wanapokula na ndipo mambo ya ukoo yanapozungumzwa. Yeye alikula na wanawake, lakini baada ya chakula aliitwa.

"Niliamkia. Babu akaniuliza, 'Umetumwa na nani?' Nikasema, 'Babu, nimejituma.' Wakanyamaza wote. Kaka, niliona aibu, kana kwamba nimetamka tusi. Watu hawa hata kula hawali peke yao, mimi natoka Dodoma peke yangu kuja kuwaambia nimejituma. Babu akafikiri, akasema, 'Basi ukirudi, mwambie aliyekutuma kwamba tulikupokea.'"

Alisimama kidogo hapo. Aliniambia aliwaachia kilo mbili za sukari na miche miwili ya sabuni, na tangu siku hiyo anajiuliza kama inatosha. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kutoka huko alishuka hadi Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa la Pomonda lililolala majini kama mnyama, na hapo Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga na kuilemaza Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa kwa matengenezo, kabla nahodha wake hajajua kwamba kuna vita. Pia kuna kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyelizunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40, macho yakiwa yameharibika, akafia hapo hapo Liuli mwaka 1928.

"Nilikaa kaburini," alisema. "Nikawaza, huyu naye alikuwa mtu wa kutembea tu. Miaka yote hiyo, kijiji hadi kijiji."

Nikamwambia Johnson alikuwa na la kuandika kwenye daftari. Dini. Kila aliyefika ukingo huu tangu zamani alikuwa nalo: vita, injili, bendera, kahawa. Akaitika taratibu.

"Hata mimi nilikuwa nalo," akasema. "Kwa miaka mitatu kila gesti niliandika msiba. Ukiandika msiba wanakupa pole, hawakuulizi uko na nani. Mara moja tu niliandika matembezi, mji mmoja sitautaja. Saa sita usiku mtu akagonga mlango, ananiita kwa jina. Jina langu kalitoa wapi? Kwenye daftari. Nilisukuma kitanda mlangoni nikakaa macho mpaka adhana. Baada ya hapo, msiba. Nikisema msiba nataja mjomba, kwa sababu wajomba ninao watatu. Mwaka jana yule mkubwa akafariki kweli. Ndiye aliyenilea baba alipoondoka. Nilikuwa Kilwa, nilikuwa nimeandika msiba wa mjomba siku mbili kabla simu haijapigwa."

Mwera ulivuma tukakaa bila kusema.

"Sijui kama mtu anaweza kuita kifo kwa kalamu. Mimi ni muuguzi, najua alikuwa na presha. Lakini msiba sikuandika tena. Pale Mbinga ndiyo mara ya kwanza, tangu usiku ule wa kugongewa mlango, nimeandika ukweli."

Sikumwambia habari za alama ya kuuliza. Najua kilichomkuta mji ule usiotajwa kinawakuta wanawake wengi, na sioni kwa nini gesti imwandikishe mgeni jina na namba ya chumba kwenye ukurasa ambao kila anayeingia anausoma, kama nilivyousoma mimi. Nyie wenye gesti, badilisheni hilo. Halihitaji mradi wala semina. Tumieni kadi moja kwa mgeni mmoja, iwekwe kwenye droo.

Kesho yake alisubiri meli, akitaka kupanda kwenda kaskazini, apite Manda na Lupingu mpaka Itungi, Kyela. Kwa ajili ya upepo hakuna aliyekuwa na uhakika na saa ya kuondoka. Alitandika kanga kwenye mchanga, begi likawa mto. Kando ya kiraka cha Cinque Terre alikuwa ameshona kiraka kipya, kipande cha kitenge alichokata mwenyewe, na juu yake kwa uzi mweupe herufi tatu za mwanzo: LIT. Ya Litembo. Alikuwa hajamaliza.

Nilipomuaga nilimwuliza kama akifika Kyela atampigia mama yake. Hiyo ndiyo sababu ya kuficha jina. Hadi ninapoandika haya, mama yake anajua binti yake yuko semina Iringa.