Pampu ya Petroli Kutumia Gesi ya Kupikia: Hesabu Kwanza

Tangu bei ya petroli ipande, wanakikundi wengi wanauliza kama ile pampu ya kunyunyizia mboga inaweza kuendeshwa kwa mtungi wa gesi. Ndiyo, inaweza. Lakini kabla mwekahazina hajatoa pesa kwa fundi, tuelewane kwanza gesi inafanya nini ndani ya injini, maana kuna maneno mengi yanayosemwa huko mjini.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Petroli ikikandamizwa sana pamoja na hewa ya moto, huwaka yenyewe kabla ya wakati wake, na mnasikia injini inagonga. Propani inavumilia zaidi. Ndiyo sababu kuna wenye magari ya mbio ambao injini zao zina supachaja, yaani mashine ya kusukuma hewa nyingi kwa nguvu, nao hupuliza propani kidogo pamoja na petroli ili injini isigonge. Hapo nguvu inapatikana kweli. Sasa pampu yetu haina supachaja. Injini ndogo kama hii ikitumia gesi peke yake hupoteza nguvu kidogo, kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa. Kwa hivyo fundi akiwaahidi kwamba maji yatapanda mlima kuliko zamani, mwambieni aende akafikirie tena.

Faida iliyoko ni ya pesa, na hiyo pia ipimwe. Kilo 1 ya gesi ina moto wa karibu lita 1.4 za petroli. Mtungi wa kilo 13 basi ni kama lita 18. Chukueni bei ya kujaza mtungi, mgawe kwa 18, kisha mlinganishe na bei ya lita moja hapo kwenu. Tuseme kujaza ni shilingi 3,000 na petroli ni shilingi 180. Mnapata kama shilingi 167, yaani mmeokoa 13 kwa lita. Pampu ikila lita 20 kwa wiki, hiyo ni shilingi 260. Kama vifaa na fundi vimegharimu 10,000, mtangoja miezi tisa kurudisha pesa, na wakati wa mvua pampu imelala tu. Nauli ya kupeleka mtungi sokoni sijaiweka. Kwa kikundi kinachomwagilia kila siku hesabu inaweza kukubali. Kwa wengine, heri kununua mbegu.

Mkiamua kuendelea, msikubali ile kazi ya kutoboa karabureta na kuingiza mpira wa jiko. Regyuleta ya jiko peke yake haitoshi, kwa sababu injini ikizima gesi inaendelea kutoka. Inatakiwa regyuleta nyingine ya injini, ambayo hufunguka injini inapovuta na kujifunga inaposimama. Mtungi usimame wima kila wakati. Ukilala, gesi hutoka ikiwa bado maji, na mambo huharibika. Tena injini ikivuta sana mtungi hupata baridi hata kushika barafu, na nguvu ya gesi inashuka. Wa kule Kinangop mtaliona hili asubuhi, kwa sababu butani haitaki kugeuka mvuke baridi ikifika karibu nyuzi sifuri. Mtungi mkubwa husumbua kidogo kuliko ule wa kilo 6. Kuupasha kwa moto ni marufuku kabisa.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni visima. Pampu ya juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi, kwa hivyo watu huteremsha injini ndani ya kisima. Hata kwa petroli hii ni hatari ya kifo: moshi wa injini una kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu huzirai kabla hajajua kitu. Injini ya gesi nayo hutoa sumu hiyo hiyo. Isitoshe, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujaza shimo kutoka chini kama maji, ikingojea cheche moja.

Basi injini na mtungi vikae juu, mahali pa wazi penye upepo, mbali na mdomo wa kisima. Maji yakiwa chini sana, ulizieni pampu ya stima inayozama majini, na jenereta ibaki juu. Na mtu akianguka kisimani, asishuke mwingine kumfuata. Mwiteni kwa sauti, zimeni injini, mvuteni kwa kamba kama alikuwa amefungwa. Kwa hiyo yeyote anayeshuka kisimani afungwe kamba tangu mwanzo, na watu wawili wenye nguvu wabaki juu wameishika.