Ruzuku ya Mazoezi ya Kazi ni Haki ya Mtoto Mwenye Ulemavu

Tangu elimu bila ya malipo ilipotangazwa katika Visiwa hivi, Septemba 1964, wananchi wa Unguja na Pemba wameishika kanuni moja isiyopingika: kwamba mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wa karafuu wana haki ya kukaa dawati moja na mtoto wa mkubwa yeyote. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliipanua kanuni hiyo kwa kukubali elimu mjumuisho, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo mwaka 2022 ilifuatiwa na sheria mpya. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kwa upande wa maandishi, basi, hatudaiwi mengi. Tunalodaiwa ni watu wa kuyatekeleza.

Hapana budi ieleweke kwamba ulemavu unaomwanza mtu tangu utotoni, uwe ni ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au hali ya Down, hauna dawa ya kumeza wala sindano ya kuuondoa. Unachohitaji ni utaalamu wa kila siku. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo yake haijakaza lazima akalishwe wima na kushikiliwa kichwa wakati wa kulishwa, ama sivyo chakula kitampalia na kumletea homa ya mapafu. Mwenye usonji asiyesema anaweza kufunzwa kuomba maji kwa kuonyesha picha. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kufunzwa kuvaa, kuoga na kwenda dukani, hatua moja baada ya moja, mpaka akajitegemea kwa kiasi chake. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwani ubongo wa mtoto ungali unajijenga. Wazee wetu walikwisha kusema, samaki mkunje angali mbichi.

Mambo haya hayasomwi kitabuni yakakwisha. Hufunzwa kwa mkono, mbele ya mtoto mwenyewe na mzazi wake, chini ya jicho la mtaalamu aliyetangulia. Ndiyo maana Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi, yaani tiba inayomwezesha mtu kutenda shughuli zake za kila siku, limeweka sharti kwamba mwanafunzi wa fani hiyo asihitimu kabla ya kutimiza saa 1,000 za mazoezi ya kazi. Ukizigawa saa hizo kwa siku ya kazi ya saa 8, unapata siku 125, yaani wiki 25 za siku tano tano. Katika wiki hizo kijana hafanyi kibarua, hasaidii duka la mjomba, wala hapati mshahara.

Sasa na tumtazame mwanafunzi anayetoka Pemba. Kwa miaka mingi wataalamu wa tiba kazi nchini wamekuwa wakifunzwa Moshi, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimelea walimu wengi wa elimu maalumu. Kijana wa Micheweni anayetaka fani hizi anavuka bahari mara mbili, kisha anapanda basi la kutwa nzima. Anapopelekwa kwenye mazoezi, pengine mbali na chuo, dahalia aliyokwisha kuilipia inabaki nyuma, naye anatafuta chumba kingine, chakula kingine na nauli ya kila asubuhi. Aliye na jamaa wenye uwezo atavumilia. Asiye nao ataomba apangiwe popote penye shangazi wa kumlaza, hata kama hapo hapana mtoto hata mmoja wa kujifunzia. Wengine huchagua fani nyengine tangu mwanzo, na hao hatuwahesabu popote kwa sababu hawakuandikishwa.

Upungufu huu si wa Visiwani peke yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho, Zanzibar yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022 ingekuwa na wataalamu wasiofika 19, Unguja na Pemba pamoja.

Wenzetu waliotutangulia wamejifunza kwa gharama. Uingereza wapo wauguzi wanaosomea mahsusi kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2017 nchi hiyo iliondoa ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi na kuwataka wakope. Wanafunzi wa tawi hili wakapungua, wengi wao wakiwa watu wazima wenye familia waliohofia deni, na baadhi ya vyuo vikaacha kulifundisha. Kuanzia Septemba 2020 ilirejeshwa ruzuku isiyolipwa ya pauni 5,000 kwa mwaka, na wanafunzi wa tawi hili wakaongezewa pauni 1,000 kwa kuwa ni miongoni mwa matawi yenye uhaba mkubwa.

Australia ilianza tarehe 1 Julai 2025 kuwalipa dola 331.65 kwa wiki wanafunzi wenye kustahiki walioko kwenye mazoezi ya ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii. Ni hatua njema. Hata hivyo, orodha hiyo iliwaacha nje wanafunzi wa tiba kazi na wa tiba ya usemi, ambao ndio mtoto mwenye ulemavu anawahitaji kila wiki. Funzo kwa watungaji wa mipango ni kwamba orodha ya fani iandikwe kwa kumtazama mtoto anahitaji nani, isiandikwe kwa mazoea.

Watakuwapo watakaosema kwamba mikopo ipo. Ni kweli, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Lakini mkopo ni deni, na si haki kumtwika deni zito mtu tunayemwita kwenye kazi yenye wito mkubwa na mshahara mdogo. Watakuwapo pia watakaosema kwamba kijana akishafuzu atakimbilia Dar es Salaam au Ghuba. Hofu hiyo ina msingi, na jawabu lake ni mkataba: anayepokea ruzuku atumikie Visiwani kwa miaka inayolingana na alichopokea. Mkataba huo, hata hivyo, unaifunga Serikali vile vile. Haifai kumtaka kijana arudi Wete ikiwa katika ikama ya hospitali na skuli za Wete hapana nafasi yenye jina la kazi yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ruzuku itolewe mwanzoni mwa mazoezi, kwani posho inayolipwa baada ya mazoezi kumalizika humfaa yule tu aliyekuwa na fedha tangu awali. Pili, wanafunzi wa cheti na wa stashahada wasiachwe nje, maana hao ndio watakaoonekana mara nyingi zaidi skulini na vituoni. Tatu, sehemu ya fedha impatie posho mtaalamu anayewasimamia, kwa kuwa mwanafunzi aliyelipwa nauli akafika asimkute wa kumfunza hakupata mazoezi. Nne, Pemba, yenye watu 543,441 kwa sensa hiyo hiyo, itengewe idadi yake maalumu ya nafasi, isingojee masalio ya Unguja.

Wakuu wanaohusika wanajua kwamba fedha za Serikali hazitoshi kwa kila ombi, nasi tunalijua hilo. Lakini wapo kina mama ambao leo hubeba mgongoni watoto wa miaka saba hadi minane kwa kukosa mtu wa kuwaonyesha namna ya kuwasimamisha. Huku Visiwani hakukosekani vijana wenye moyo wa kuwa watu hao. Bajeti ijayo iwawezeshe kumaliza mazoezi yao.