Joto la Rangi: Uteuzi wa Balbu za Taa za Mbele za Gari

Neno joto likitajwa, fikira za msemaji wa Kiswahili huelekea kwenye moto, jua au homa. Ni nadra kulihusisha na rangi. Hata hivyo, mnunuzi wa balbu za taa za mbele za gari hukabiliwa na makasha yaliyoandikwa 3000K, 4300K, 6000K au hata 8000K, na aghalabu muuzaji humhakikishia kwamba tarakimu ikiwa kubwa ndivyo taa inavyoangaza zaidi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dai hilo ni potofu, na kwamba upotofu wenyewe, kwa kiasi fulani, ni wa kilugha.

Herufi K inasimamia kelvini, kipimo cha halijoto kilichopewa jina la Lord Kelvin, yaani mwanafizikia William Thomson (1824–1907). Ili kuelewa uhusiano wake na rangi, msomaji na amtazame mhunzi akivukuta moto. Chuma huanza kwa wekundu uliofifia, kikaingia umanjano, na moto ukizidi kikakaribia weupe. Lau kingeweza kupashwa moto zaidi bila kuyeyuka, weupe huo ungechanganyika na usamawati. Joto la rangi, basi, hutaja tu mahali ambapo rangi ya mwanga inaangukia katika safari hiyo. Mshumaa uko kwenye 1900K hivi, balbu ya halojeni kwenye 3200K, na jua la adhuhuri kwenye 5500K. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu wingi wa mwanga. Huo hupimwa kwa lumeni. Isitoshe, mwanga wa manjano tumezoea kuuita wenye uvuguvugu na wa samawati tukauita baridi, ilhali kwa hesabu ya kelvini ule “baridi” ndio wenye joto kubwa! Pengine “daraja la rangi” lingekuwa istilahi isiyopotosha, ingawa istilahi iliyokwisha kuzoeleka ni vigumu kuing’oa.

Tuchukue mfano wa balbu ya halojeni inayodaiwa kuwa ya 6000K. Ndani yake mna uzi wa tungsteni, nayo tungsteni huyeyuka ifikapo takriban 3695K. Ni bayana kuwa uzi huo hauwezi kamwe kufikia 6000K. Kinachofanyika ni kupaka kioo cha balbu rangi ya samawati, ambayo huzuia sehemu ya mwanga wa manjano na mwekundu usitoke. Mnunuzi, kwa hivyo, hulipa zaidi apate mwanga mchache. Balbu za zenoni ni suala jingine: ya wati 35 hutoa lumeni 3000 hivi, ilhali ya halojeni ya aina ya H4 hutoa takriban 1000 kwa taa ya chini. Lakini ubora huo unatokana na namna mwanga unavyozalishwa, si na rangi yake. Zenoni zinazofungwa viwandani huwa karibu na 4300K. Zikipandishwa hadi 8000K, lumeni hupungua.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, nikiwa ndani ya matatu kutoka Naivasha kuelekea Limuru, tulikutana na ukungu mzito karibu na Kinungi. Gari lililotujia lilikuwa na taa za usamawati. Dereva wetu alitiwa kiwi, na kwa muda mfupi magurudumu ya kushoto yakatoka barabarani. Alipoiona njia tena, tulikuwa hatua chache tu kutoka kwa watu wawili waliokuwa wakitembea kando ya lami.

Mwanga wenye usamawati mwingi huyakera macho kuliko wa manjano, hata wingi wao ukilingana. Ufaransa ililazimisha taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, mojawapo ya sababu ikiwa hiyo ya kiwi. Dai la kwamba manjano “hupenya” ukungu, hata hivyo, halina mashiko makubwa: matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kubagua rangi, hivyo hutawanya zote karibu sawa. Kinachofaa zaidi ukunguni ni mwale ulioelekezwa chini.

Kwa maoni yangu, mwenye taa za halojeni na abaki na balbu isiyopakwa rangi, ya 3200K hivi. Kutia zenoni ndani ya taa iliyoundwa kwa ajili ya halojeni hutawanya mwanga ovyo, na anayeumia ni yule anayekuja mbele. Mwenye zenoni za kiwandani atosheke na 4300K hadi 5000K. Taa za LED, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 5000K na 6000K, zisipite hapo. Balbu zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, maana iliyozeeka hufifia. Na kabla ya kununua chochote, kioo cha taa kilichochujuka kwa jua kisuguliwe kwanza. Mara nyingi giza linalolalamikiwa liko hapo.