Raspberry Pi Isiyowaka Imeishia Hatua Gani?

Raspberry Pi ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia kuchomoa memori kadi na kuipakia upya mfumo endeshi. Mara nyingine hufaulu, na ndiyo maana mazoea hayo hayaishi. Lakini huko ni kuanzia mwishoni. Kompyuta hii ya bodi moja, iliyoingia sokoni Februari 2012, huamka kwa hatua zinazofuatana, na hakuna hatua inayoanza kabla ya iliyoitangulia kumalizika. Kazi ya anayeitafutia dawa ni kujua imefika wapi ndipo ikakwama, na ushahidi wa hilo bodi yenyewe huutoa.

Hatua ya kwanza ni umeme, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote kwa sababu taa nyekundu huonekana inawaka. Mtu atasema: kama taa ipo, umeme si upo? Upo, ila huenda hautoshi. Kuanzia Model B+ ya 2014 hadi Pi 4, taa hiyo huzimika volti zikishuka chini ya takriban 4.63, kwa hiyo taa inayozimika na kuwaka tena wakati bodi inajaribu kuamka inashitaki chaja au waya wake. Hesabu yake ni nyepesi. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 2 hupoteza volti 0.6, chaja inayotoa volti 5.1 itakuwa inaifikishia bodi 4.5 tu. Chaja ya simu haina kosa hapo: betri ya simu huvumilia upungufu huo kwa kuchaji polepole, ilhali prosesa haina akiba ya kuivusha. Pi 4 inataka chaja ya ampea 3, Pi 5 inapendekezewa ya ampea 5. Tena Pi 4 za mwanzo, za 2019, zilitoka na kasoro kwenye tundu la USB-C: zikiunganishwa kwa waya wenye chipu ndani, kama zile za kompyuta mpakato, chaja nyingine iliidhania bodi ni kifaa cha sauti na kuinyima umeme. Chaja nzuri, waya wa bei, na bodi kimya! Mwenye bodi kama hiyo angeweza kuandika kadi kumi bila kuona mabadiliko yoyote.

Umeme ukitosha, kinachoamka kwanza, ajabu kidogo, ni sehemu ya michoro; prosesa kuu inasubiri. Kwenye Pi 1 hadi Pi 3, maagizo mafupi yaliyochomwa ndani ya chipu hutafuta faili la bootcode.bin kwenye kadi, kisha start.elf hupakiwa, na mwisho kerneli. Hapa taa ya kijani ndiyo shahidi. Isipopepesa hata kidogo, kadi haijasomeka kabisa. Ikipepesa mara 4 kwa kurudia, start.elf halijapatikana, mara 7, kerneli ndiyo inayokosekana. Mraba wa rangi za upinde wa mvua ukitokea kwenye skrini na kuganda hapo, start.elf limeshafanya kazi, kwa hiyo umeme, skrini na sehemu kubwa ya kadi haviwezi tena kushukiwa kwa uzito uleule.

Kuna hoja kwamba yote haya ni kujichosha, kwani kuazima kadi inayofanya kazi kwenye bodi nyingine huchukua dakika moja. Ni jaribio zuri, mradi kadi hiyo inaifahamu bodi. Kadi iliyoandaliwa kabla Pi 4 haijatoka, Juni 2019, haina faili za kuiamsha Pi 4, na atakayeijaribia humo ataihukumu bodi nzima kuwa imekufa. Kwa Pi 4 na Pi 5 liko jaribio bora zaidi: kuondoa kadi. Programu ya kuanzishia ya bodi hizi imehifadhiwa kwenye chipu yake yenyewe, na matoleo yake ya sasa huandika taarifa kwenye skrini yasipopata kadi. Maandishi yakitokea, bodi ni nzima. Yasipotokea, waya wa skrini uhamishiwe kwanza kwenye tundu la HDMI lililo karibu na la umeme, maana Pi 4 ina matundu mawili na si kila mara la pili huonyesha mwanzo wa safari.

Kadi ikishabaki mshukiwa pekee, ichunguzwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kufutwa. Sehemu yake ndogo, yenye faili za kuamshia, husomeka hata kwenye Windows. Ile kubwa imepangwa kwa mtindo wa Linux, nayo Windows, kwa kutoielewa, huomba ruhusa ya kuifomati. Ombi hilo hutokea hata kadi ikiwa nzima kabisa, na anayelikubali amefuta kazi zake zote kwa tatizo ambalo pengine lilikuwa kwenye waya.